Tundu lisilo na jina, lipime kabla hujachomeka

Mashine za mtumba za kuhifadhi data kwenye kanda zina tabia moja: nyuma utakuta matundu ambayo hata kitabu chake hakiyataji. Hii niliyonayo ni ya LTO-5, kizazi cha tano cha kanda za LTO, inajibadilishia kaseti yenyewe. Ilipofika karakana yangu hapa Ngamiani, Tanga, nyuma ilikuwa na matundu mawili kama mapacha, yote yanakubali plagi ya waya wa LAN. Moja maandishi yamefutika, jingine limefunikwa na stika.

Usichomeke kitu. Plagi kuingia si ushahidi kwamba ni mtandao.

Nimejua hilo kwa hasara. Mashine yangu ya kwanza nilivuta waya uliokuwa karibu mezani, nikachomeka. Kumbe ncha ya pili iko kwenye injekta ya antena ya intaneti, kifaa cha kupitisha umeme ndani ya waya wa LAN, zile za bei rahisi zinazosukuma volti 24 bila kuuliza nani yuko upande wa pili. Tundu lile lilikuwa la siriali, la fundi kuzungumza na mashine kwa maandishi. Harufu ilikaa karakanani siku mbili. Lawama yote ni yangu.

Safari hii nilimwendea mzee fundi redio, jirani yangu.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Leo umeleta balaa gani?”

Mashine ikiwa imezimwa, alikata kipande cha waya wa LAN, akakiacha na plagi upande mmoja, akamenya nyaya zote nane upande wa pili. Akachomeka kwenye tundu la stika, akaweka mita kwenye mlio, inayolia umeme ukiwa na njia ya kupita. Mweupe-chungwa na chungwa: ikalia. Mweupe-kijani na kijani: ikalia tena. Akagusa kijani na bodi ya chuma: kimya.

“Hapa kuna koili, mwanangu. Transfoma hii.”

Hajawahi kugusa seva maishani, lakini alikuwa sahihi. Nyuma ya tundu la Etheneti, yaani la mtandao wa waya, kuna vitransfoma vidogo, ndiyo maana jozi hulia na haina njia ya moja kwa moja kwenda kwenye bodi. Tundu la pili jozi zake hazikulia. Tulipowasha, pini moja ilisoma kama volti -6 dhidi ya bodi: RS-232, yaani siriali ya kizamani, imetulia, inangoja kusemeshwa. Hapo unahitaji adapta ya USB ya RS-232 halisi. Ile ya volti 3.3 ya kuchezea bodi ndogo inaweza kufa.

Lile la Etheneti nililiunganisha na laptopu moja kwa moja. Si kwenye ruta ya nyumbani, hata kidogo. Hujui kifaa kina nywila gani ya kiwandani wala kitajibu nini. Fungua Wireshark, programu ya kutazama kinachopita kwenye mtandao, kwanza, ndipo uwashe mashine, kwa sababu vifaa vya aina hii hujitaja vinapoamka kisha vikanyamaza. Waja leo waondoka leo. Mimi nilipata pakiti mbili tu za ARP, zile za kifaa kuulizia anwani mtandaoni, anwani inaanza na 169.254, zile ambazo kifaa hutumia pale ambapo hakuna wa kukigawia anwani. Nikaipa laptopu anwani ya familia hiyohiyo, barakoa ya mtandao 255.255.0.0, nikagonga milango ya mashine. Mlango wa 23 ukafunguka, telneti, njia ya kuamrisha kifaa kwa maandishi, ikaomba jina na nywila.

Nikaishia hapo. Wengine wangekesha wanabahatisha. Mimi naona hilo ni tundu la fundi wa kiwanda, na amri moja usiyoielewa inaweza kukuachia tofali, mashine isiyowaka tena. Wala usidhani utapitishia data humo: taa ilionyesha megabiti 100, yaani kama megabaiti 12 kwa sekunde, wakati LTO-5 huandika megabaiti 140. Kazi yenyewe hupita kwenye SAS au Fibre Channel, miunganisho maalumu ya vifaa vya kuhifadhi data.

Na nilichokuwa nakitafuta, makosa ya kusoma na onyo la kusafisha kichwa cha kusomea kanda, kilikuwa kinapatikana kwenye waya wa SAS siku zote. Kwenye Linux weka programu za sg3_utils, andika sg_logs, na TapeAlert, maonyo ya mashine yenyewe, itakueleza. Kwa hewa ya chumvi ya Tanga, onyo la kusafisha ndilo nililoanza kuliangalia.

Stika nimeirudisha mahali pake. Lile tundu jingine nimelibandika selotepu na kuandika kwa kalamu nyekundu: SI LAN.