Stesheni yetu iliuliwa na mizigo, sio na basi

Swali la wiki hii mmeuliza, "treni ikiacha kusimama kijijini kwenu, nini kinakufa kwanza?" na najua wengi watajibu abiria, eti mabasi yalikuja watu wakahama stesheni ikabaki gofu. Mi nakataa. Nimekulia kwenye reli ya Tanga, kule chini ya milima ya Upare kati ya Mkomazi na Same, mzee wangu alikuwa gangi, yani kibarua wa kutengeneza njia ya reli, na ninavyojua mimi kilichokufa kwanza ni kusubiri. Yani treni ya mizigo kusubiri. Abiria walifuata baadae.

Ngoja nieleze. Reli ile Wajerumani walianza kuijenga Tanga 1893, ikafika Moshi 1911, Waingereza wakaisogeza hadi Arusha 1929. Ni njia moja tu, kwa hiyo treni mbili zikitokea pande mbili lazima moja iingie pembeni ingoje mwenzake apite, na injini zenyewe zilikuwa za mvuke, zinakunywa maji kama ngamia aliyetoka safari, ndo maana kila baada ya kilometa kadhaa unakuta kistesheni, chumba cha stesheni masta, tangi la maji, njia ya kupishania na nyumba mbili tatu za wafanyakazi. Hakuna Mjerumani aliyekaa akasema tuwawekee Wapare kituo wasafiri vizuri, tusijidanganye jamani. Kijiji ndo kikaja kuota pembeni kwa sababu treni imesimama hapo na ndani yake kuna watu wana njaa na wana hela.

Na iliyokuwa inasimama haswa ni ya mizigo. Ya abiria inapewa kipaumbele, dakika chache tu imeshaondoka, ukichelewa kupanga maembe yako umekula hasara. Ya mizigo inasukumiwa pembeni saa nzima, saa mbili, inasubiri mwenzake, inasubiri ruhusa ya kuingia kipande kinachofuata, dereva anashuka, gadi (msimamizi wa treni) anashuka, wanakula, wananunua kuku na mkaa, wanaacha gazeti la juzi na umbea wote wa Tanga. Mama alikuwa anauza uji na perege wa kukaanga wa bwawa la Nyumba ya Mungu, na wateja wake wa uhakika hawakuwa abiria kabisa, walikuwa hao hao watu wa mizigo, wengine anawakopesha na wakirudi wanalipa, maana watapita wapi tena kama sio hapo hapo.

Sasa angalia mambo yalivyofuatana. Dizeli ikaja, tangi la maji halina kazi. Mkonge nao ukaporomoka, na ile ilikuwa reli ya mkonge kabla haijawa ya kitu kingine chochote, katikati ya miaka ya 60 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka tunaongoza dunia nzima, zikaja kamba za plastiki bei ikaanguka, ukichanganya na mashamba kutaifishwa alafu kutelekezwa, hadi mwisho wa miaka ya 90 tumebaki na kama sehemu moja ya kumi. 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mpaka wa Kenya ukafungwa, na ile reli ya kutoka Voi kupitia Taveta inayokuja kuungana na yetu pale Kahe (Waingereza waliijenga mbio mbio vita vya kwanza ili wamfuate Mjerumani) ikakosa cha kubeba. Treni zikipungua hakuna wa kupishana naye, asipokuwepo wa kupishana naye hakuna haja ya kusimama, na kama hakuna kusimama stesheni masta anakaa pale afanye nini? Akahamishwa. Alipoondoka yeye jengo likawa halina mwenyewe, mabati yakaanza kutembea usiku, milango, vitasa, na walipokuja wanunuzi wa vyuma chakavu ndo ikawa balaa. Leo zimebaki kuta na mbuzi. Basi la Moshi lilikuta maiti.

Julai 2019 treni ya mizigo ilirudi, saruji kutoka Tanga kwenda Moshi, Desemba hiyo hiyo ikarudi ya abiria kutoka Dar, 2020 mwezi wa kumi ikafika Arusha. Tulifurahi sisemi uongo, kuna vijana wana watoto wao ndo walikuwa wanaiona kwa mara ya kwanza. Ila mzigo wa siku hizi unapakiwa sehemu moja unashushwa sehemu moja, hapa katikati inapiga honi kwa ajili ya ng'ombe basi. Kinachoniudhi ni jasi, yale madini ya kuchanganya kwenye saruji. Makanya kuna jasi na viwanda vya saruji vinaihitaji, lakini ninayoiona mimi inapakiwa kwenye malori, inateremka Tanga kwa lami inayokimbizana na reli njia nzima, alafu saruji inapanda na treni inatupita.

Na msidhani SGR, ile reli mpya ya umeme, itabadilisha hili. Dar hadi Moro kuna Pugu, Soga, Ruvu na Ngerengere, basi, muulize mtu wa Magindu au Mikese ambaye reli ya zamani ilikuwa na stesheni kwao. Treni ya umeme haihitaji maji. Kuna mpango wa kuijenga Tanga, Arusha hadi Musoma, na siku wakija kufanya mkutano kwetu najua wazee watasimama kuomba stesheni ya vioo ya abiria. Mi nitaomba njia ya pembeni ya kupakilia na jukwaa la zege ambalo lori la jasi linaweza kurudi kinyumenyume likamwaga mzigo kwenye behewa. Vyumba vya kusubiria abiria vikija vije, visipokuja poa tu.