Jibu: GR-55 inachelewa na kutoa noti ambazo hukupiga

Salama mkuu. Umesema umefunga GK-3 (pikapu ya Roland inayosoma kila uzi peke yake) kwenye gitaa, GR-55 (mashine ya Roland inayogeuza gitaa kuwa sauti za ala nyingine) inawaka vizuri, ila kwenye nyuzi nene sauti ya filimbi inachelewa, na mara zinatoka noti ambazo hukupiga.

Anza na urefu wa pikapu kabla hujagusa menyu yoyote. Bonyeza kila uzi kwenye freti ya mwisho, upime nafasi kati ya uzi na pikapu: iwe milimita 1 hivi. Kisha ingia mipangilio ya GK, urekebishe usikivu wa uzi mmoja mmoja. Piga kwa nguvu zako za jukwaani, si za chumbani! Mimi napigia bendi hapa Kirumba, na uzi wa sita huwa naupunguzia kuliko zingine.

Kuchelewa kidogo hakuishi. E ya chini, yaani uzi wa sita, ina mitetemo kama 82 kwa sekunde, lazima mashine isubiri ndipo iitambue. Filimbi ipigie juu, freti ya 12 kwenda mbele. Solo za rumba zinakaa huko huko.

Noti za ziada mara nyingi ni mkono: ziba nyuzi usizopiga. Halafu hujasema nyuzi zako ni za lini. Zikishika kutu zinasomeka vibaya, kwa hiyo badilisha, ndipo upime tena.