Mama alivunjika bega angani, kampuni yasema ni hewa

SWALI: Wakili, salamu. Mama yangu, mwenye miaka 67, alikwenda Dubai kumwona dada yangu kwa tikiti ya kwenda na kurudi tuliyokata hapa Nairobi. Wakati wa kurudi, taa ya mkanda ikiwa imezimwa, aliinuka kwenda msalani. Ndege ikaporomoka ghafla, akarushwa hadi darini, akaangukia mkono wa kiti. Amevunjika bega. Kampuni inasema hewa haina mwenyewe, ila kwa ubinadamu itampa dola 500 akitia sahihi fomu. Atie?
— Msomaji, Buruburu

JIBU: Mpe mama pole zangu nyingi, na umwambie asitie sahihi. Fomu za namna hiyo nimeziona mezani kwangu: juu ni maneno ya kumpa pole mgonjwa, chini kabisa, kwa herufi ndogo, anakubali kwamba hayo ndiyo malipo kamili na ya mwisho. Bega la mtu wa umri wake huenda likahitaji upasuaji na miezi ya mazoezi ya viungo. Dola 500 zitaisha kabla hajaweza kujifunga leso mwenyewe.

Huenda kweli rubani hakuona kitu. Rada ya ndege husoma matone ya maji mawinguni, na kuna msukosuko unaotokea katika hewa isiyo na wingu lolote. Lakini hilo halimwondolei mama haki yake.

Kenya imo katika Mkataba wa Montreal wa 1999, wa kimataifa kuhusu wajibu wa kampuni za ndege kwa abiria, na safari iliyoanzia na kuishia Nairobi inaangukia humo moja kwa moja. Kifungu cha 17 kinaibebesha kampuni jukumu la jeraha la mwili lililotokana na ajali ndani ya ndege. Kwa ajali za tangu 28 Desemba 2024, hadi kiwango cha SDR 151,880, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha Duniani (IMF), ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 25, kampuni haiwezi kujitetea kwamba haikukosea. Hicho ni kikomo cha kinga hiyo, si kiasi atakachopewa moja kwa moja; juu yake kampuni inaweza kujitetea. Atalipwa kwa madhara atakayothibitisha. Hofu peke yake haifidiwi.

Wanaweza kudai alijiponza kwa kusimama. Msikubali. Mei 2024 ndege ya Singapore Airlines iliyotoka London ilipigwa na msukosuko juu ya Myanmar. Ilishuka mita 54 kwa muda usiofika sekunde 5, wasiofunga mkanda wakarushwa juu, na abiria mmoja akafariki. Wachunguzi walikuta taa ya mkanda ilikuwa imewashwa sekunde chache tu kabla. Kwa mama yako haikuwashwa kabisa! Alitaka afanye nini, ajizuie mpaka JKIA?

Sasa kusanya: kipande cha tikiti chenye namba ya kiti, picha za eksirei, kadi ya hospitali ya siku ile ile, risiti zote hadi za teksi, na simu za waliokaa karibu naye. Iombe kampuni kwa maandishi ripoti ya wahudumu wa safari hiyo. Kesi inaweza kufunguliwa hapa hapa Kenya, ila ndani ya miaka 2 tangu ndege ilipotua. Ikipita hiyo, haki inakufa. Barua ya kwanza ipelekwe wiki hii ofisini kwao, na usiondoke bila nakala yako kugongwa muhuri.