Nyasi zikishaota usifunge kazi: kwa mnaoanza kurejesha malisho

Wenzangu mnaoingia kwenye kazi hii, karibuni. Ninayowaeleza nimejifunza Kibwezi, kaunti ya Makueni, kwenye ardhi iliyokuwa imebaki udongo mtupu tukaipanda upya nyasi za kienyeji.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuridhika na kijani. Tulizungushia shamba ua wa miiba, tukapanda ndata kivumbu, yaani Cenchrus ciliaris, karibu peke yake kwa kuwa inavumilia ukame, kisha tukawafungia ng'ombe nje msimu baada ya msimu. Kila mgeni alisifu. Siku nilipopiga magoti na kiunzi cha mita moja kwa mita moja kuhesabu aina za mimea, kila nilipokiweka nilikuta nyasi ile ile. Majani makavu ya misimu iliyopita yalikuwa yamefunika mashina, jua halifiki chini. Indigofera na Commelina, mimea midogo niliyotarajia kuikuta, ilikuwa inastawi nje ya ua, kando ya njia ya mifugo. Iliniuma sana.

Kwa hiyo changanyeni mbegu tangu mwanzo. Nyasi ya nguu (Enteropogon macrostachyus) hutangulia kuota, ya mbeetwa (Eragrostis superba) hupendwa mno na ng'ombe, na ndata kivumbu hushika udongo. Mbegu iliyovunwa juzi bado imelala. Iwekeni mahali pakavu miezi kadhaa. Limeni mifereji kukata mteremko, pandeni kabla ya mvua za Oktoba hadi Desemba, maana huku kwetu ndizo za kutegemewa kuliko za Machi, na mbegu ifunikwe kwa udongo kidogo tu.

Mifugo isiingie msimu wa kwanza mpaka nyasi zimwage mbegu. Baada ya hapo waingizeni, tena wengi kwa siku chache, kisha muwatoe shamba lipumzike. Kwato huvunja ugaga wa udongo na kukandamiza mbegu ardhini, na nyasi ndefu zikipunguzwa, mimea mifupi hupata mwanga. Msingoje zibaki visiki vitupu. Nyasi iliyolishwa hadi shinani hushindwa kurudi. Mbuzi nao wana kazi yao, kwa sababu hula vichaka ambavyo ng'ombe huviacha. Kikwata, ule mti wa miiba, kikichipua, king'oeni kikiwa kichanga. Mkichelewa mwaka mmoja mtahitaji shoka.

Jambo moja hubishaniwa sana na vikundi vinavyouza mbegu: kuvuna zote. Naelewa, ni karo ya watoto. Bado nasisitiza sehemu ya shamba iachwe imwage yenyewe, na kila mwaka iwe sehemu nyingine.

Halafu nendeni shambani na wazee wafugaji. Mimea niliyohangaika nayo miezi mingi vitabuni, mama mmoja alinitajia majina yake ya Kikamba asubuhi moja, na akanionyesha pengo ambapo mmoja wao ulikuwa umetoweka. Mbegu za mmea huo tulizikusanya kando ya barabara.