Mwaga hiyo chupa sasa hivi: pakiti ya ORS ni ya LITA MOJA

Dada, kabla hujaendelea kusoma, nenda kamwage hiyo chupa. Nenda kwanza, uzi huu wa mjadala hauondoki.

Umeandika kwamba binti yako ana miezi 8, anaharisha tangu jana asubuhi, mama mkwe anasema ni meno, na wewe umenunua ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji anayeharisha, ukaikoroga pakiti nzima kwenye chupa ya nusu lita "ili ikolee". Halafu ukauliza kama aendelee na uji, dawa gani ya kupaka kwenye fizi, na chanjo ya miezi 9 itakuwaje asipokuwa amepona. Waliotangulia wamekupa pole, wamekuombea dua, mmoja kakuwekea namba ya mganga. Hakuna hata mmoja aliyeliona hilo neno nusu lita. Mimi nimeliona nikiwa juu ya ngazi kwa mteja, nimeshika kiyoyozi cha watu, nikashuka nikakaa chini.

Mimi ni fundi friji. Gesi ya friji naipima kwa gramu, mizani ninayo, natembea nayo kwenye begi. Ukizidisha gesi unaua kompresa, kila fundi analijua hilo. Sasa huyo huyo fundi wa mizani, mwaka 2019, pale Tandika, Dar es Salaam, alimwekea mwanawe chumvi mara mbili na akajiona mjanja.

Kijana wangu alikuwa na miezi 7. Jumamosi akaanza kuharisha, maji maji ya njano, nepi haimalizi nusu saa. Shangazi alikuwa amekuja kutusaidia malezi. Akaingiza kidole mdomoni mwa mtoto, akapapasa, akatangaza: "Hili hapa jino." Na kweli lilikuwepo. Ndiyo ubaya wa hii habari ya meno, jino huwa lipo! Mtoto wa miezi 6 mpaka mwaka mmoja na kitu, ukimpapasa fizi siku yoyote kuna jino linatafuta njia. Anayeharisha lipo, asiyeharisha lipo. Ila ni umri huo huo anapoanza kutambaa, anaokota kandambili anatia mdomoni, anaanza kula uji uliokaa kwenye kikombe tangu saa nne, na kinga aliyotoka nayo kwa mama yake inapungua. Hayo hakuna anayeyapapasa kwa kidole.

Jirani naye hakutaka kupitwa, akauliza kwa sauti ya chini kama tumembemenda mtoto. Dada, sisi tulikuwa na miezi saba hatujalala usiku mzima. Hiyo nguvu ya kubemenda tungeitoa wapi?

Basi Jumapili nikaona niwe baba wa kisasa. Nikaenda duka la dawa. Kijana kakaa nyuma ya kioo, koti jeupe limenyooka. Nikamwambia mtoto anaharisha. Akanipa pakiti za ORS, hiyo hiyo ya gramu 20.5 unayoisema wewe. Nikamuuliza inachanganywaje. Nakumbuka jibu lake neno kwa neno kwa sababu nimelisikia usiku mwingi: "Kaka, ukiiweka kwenye lita inakuwa maji matupu. Weka kwenye nusu lita ikolee, afunge haraka."

Afunge haraka! Nikaona huyu mtaalamu. Koti jeupe. Siku hizi nikikumbuka najiambia hata mchoma mishikaki wa pale stendi ana koti jeupe, na yeye angalau nyama yake anaionja.

Nimefika nyumbani, mke wangu akageuza pakiti akasoma, akasema, "Mbona hapa wameandika lita moja?" Mimi nikamjibu, na hili ndilo linalonitia aibu mpaka kesho: "Mtaalamu kasema." Imeandikwa kwenye pakiti, kwa Kiswahili, na kuna na mchoro kwa wasiosoma. Nikaliamini koti.

Nikakoroga. Mtoto akanywa kwa pupa. Akimaliza kikombe analilia kingine. Nikamwita mama yake aje aone anavyoipenda, nikasema si unaona, inafanya kazi. Haikuwa inafanya kazi. Alikuwa na kiu, na kila nilipompa nilikuwa namwongezea kiu. Fikiria mtu anaungua kiu unampa maji ya bahari, naye anakunyooshea mikono umwongeze, na wewe unachekelea. Mpaka usiku amemaliza chupa mbili. Pakiti mbili ndani ya lita moja, tumbo la mtoto wa kilo nane na nusu.

Na kuharisha hakukupungua, kukazidi. Kwa hiyo nikafanya nini? Nikasema dawa haijakolea vizuri. Nilikuwa nakaribia kupunguza maji zaidi. Wallahi.

Usiku ule kilio chake kikabadilika. Kikawa chembamba, cha juu, kama paka aliyebanwa mlangoni. Ukimgusa anashtuka. Nikapapasa utosi kwa sababu nilishasikia mtoto akiishiwa maji utosi unabonyea. Haukuwa umebonyea sana, nikajipa moyo. Nilichokuwa sikijui ni kwamba chumvi ikizidi kwenye damu, inavuta maji kutoka ndani ya mwili kuyaleta kwenye mishipa, kwa hiyo kwa nje mtoto anaweza kuonekana afadhali kuliko hali yake. Ngozi ya tumbo ndiyo ilinishangaza. Niliibana ikawa kama donge la chapati lililopumzishwa, laini, nzito nzito. Sikuwa nimewahi kugusa ngozi ya namna ile.

Alfajiri tukiwa kwenye bajaji akashikwa na degedege mikononi mwa mama yake. Hapo sina utani wa kutia.

Hospitali daktari aliuliza swali moja kabla ya mengine yote: "ORS mlichanganya na maji kiasi gani?" Mimi chupa nilikuwa nimekuja nayo. Nikainyanyua juu kama nahodha anaonyesha kombe. Daktari akaiangalia ile chupa, akaniangalia mimi, hakusema kitu, akaandika.

Aliyenielewesha ni muuguzi mmoja mama wa makamo, siku ya pili, baada ya kuona nimeganda kwenye benchi. Akaniuliza, "Baba, kachumbari unatengenezaga?" Nikasema ndiyo. "Ukinyunyizia vitunguu chumvi, vinafanya nini?" Vinatoa maji. "Basi utumbo wa mwanao ulikuwa kitunguu." Ndiyo hesabu yenyewe, dada. ORS ya lita moja imepimwa chumvi na sukari ya glukosi kwa kiwango ambacho utumbo unayapokea maji na kuyaingiza ndani. Ile glukosi ndiyo inayoivuta chumvi ipite kwenye ukuta wa utumbo, maji yanafuata nyuma. Ukipunguza maji, unageuza mkondo. Mchanganyiko unakuwa mzito kuliko damu, maji yanatoka mwilini kuja tumboni, mtoto anaharisha zaidi, na chumvi kwenye damu inapanda. Hicho ndicho kilichomletea degedege, siyo shetani, shangazi anisamehe.

Kuirudisha ile chumvi chini nako ni kazi. Mimi nilimwambia muuguzi afungulie dripu ikimbie, mtoto si anataka maji? Akanitoa nje. Chumvi iliyopanda namna ile inashushwa taratibu, saa kwa saa, kwa sababu ukiishusha kwa pupa ubongo unavimba. Tulikaa usiku nne. Kipimo cha chumvi za damu kilirudiwa na kurudiwa, na ili mambo yaende niliuza pampu yangu ya kuvuta hewa kwenye mifumo ya friji, nikawa fundi wa kuazima vifaa mwaka mzima. Mtoto alipona. Sasa hivi yuko shule, anaiba chipsi kwenye sahani yangu, hana habari. Ila miezi kadhaa kila alipochelewa kuamka nilikuwa nasimama juu ya kitanda chake kama mlinzi.

Wiki iliyofuata nilirudi kwa yule kijana na pakiti mkononi. Nikamwambia, "Soma hapa." Akasoma, "Lita moja." Nikasubiri. Akasema, "Sasa kaka, wateja wenyewe wanapenda ikolee." Jamani! Wateja wanapenda! Wateja tunapenda na pilau, mbona hakutuuzia pilau? Sikumpiga. Najua kuna watu humu mtauliza.

Na hilo neno "kufunga" ndilo linalotuponza. ORS haifungi tumbo, hiyo siyo kazi yake. Mtoto ataendelea kuharisha siku mbili tatu, pengine wiki, huku unarudishia maji na chumvi anazopoteza. Watu wakiona bado anaharisha wanasema haifai, wanaikoleza, au wanakimbilia Flagyl, dawa ya bakteria na amiba, ya nduguye iliyobaki kwenye kabati. Kuhara kwingi kwa watoto wadogo ni virusi, na hiyo Flagyl haiui virusi. Na vidonge vya watu wazima vya kufunga tumbo usimguse navyo mtoto, hata mama mkwe alie.

Sasa fanya hivi. Nunua chupa ya maji ya LITA MOJA, imeandikwa ubavuni, usikadirie kwa jagi. Au chemsha maji, yapoe, pima lita kwa chupa hiyo hiyo. Pakiti yote ndani, koroga mpaka iyeyuke. Usigawe unga kwa macho ukisema nusu leo nusu kesho. Usitie sukari, juisi wala soda. Onja, isiwe na chumvi kupita machozi. Ikifika saa 24 haijaisha, mwaga, changanya nyingine. Zipo siku hizi pakiti ndogo za nusu lita, ndiyo maana nasema soma pakiti uliyoishika wewe, usimsikilize hata mimi. Ya gramu 20.5 ni ya lita.

Mpe kwa kijiko au kikombe, robo mpaka nusu kikombe kila akiharisha. Akitapika subiri dakika 10, uanze tena polepole. Titi usilikatishe hata kidogo, mwongezee. Na hapo ulipopata ORS uliza zinki: mtoto wa umri wa binti yako ni miligramu 20 kwa siku, siku 10 mpaka 14, unamalizia hata kama kuharisha kumekwisha. Mimi nilipewa siku ya kutoka hospitali, hapo ndipo nilipojua ipo.

Na mnaomwambia apike yake ya sukari na chumvi, nyamazeni kidogo. Ana pakiti mkononi. Mtu aliyekwishakoleza ya pakiti, ya kupima kwa kijiko cha jikoni ataifanyaje?

Lakini wewe dada hujanunua tu, umesema ameshakunywa karibu nusu ya hiyo chupa. Kwa hiyo haya ya kuchanganya ni ya baadaye. Leo hii mpeleke kituo cha afya, usisubiri kesho, na ukifika useme kwa mdomo wako: nilichanganya pakiti ya lita kwenye nusu lita. Usione aibu ukaficha, mimi chupa niliinyanyua juu mbele ya watu na bado naishi. Kama amelegea, hawezi kunyonya, analia bila machozi, macho yamezama, analia kile kilio chembamba nilichokisema, au kuna damu kwenye choo, acha kusoma hapa, panda bodaboda.

Uliuliza uji. Aendelee, kidogo kidogo mara nyingi, mtoto anayeharisha ndiyo anahitaji chakula. Dawa ya kupaka fizi sijui ya nini, fizi haziharishi. Na huyo mama mkwe, kwa heshima zote, mwambie jino litatoka lenyewe, halijawahi kushindwa, wewe una kazi ya kupima lita. Kulikuwa na swali jingine ulilouliza, nimelisahau, nikipanda juu nisome tena nitakutana na lile neno nusu lita nikasirike upya. Wengine watakujibu.

Ila kitu kimoja hukuandika. Amekojoa mara ya mwisho saa ngapi? Jibu hapa mkiwa njiani. Nipo, kiyoyozi cha watu kitasubiri.