Unatoa mkusanyiko wa nyimbo? Shughulika na namba kwanza

Kazi yangu hapa Lamu ni kuhamisha kaseti kwenye kompyuta. Tarabu, kaswida, nyimbo za harusi, chochote kilichobaki kwenye makabati ya watu na hakijaliwa na chumvi. Mwenye nyimbo akitaka kuziuza mtandaoni, humsaidia kuziandaa kwa msambazaji, yaani kampuni inayozipeleka kwenye maduka ya mtandaoni. Matatizo ninayoletewa ni mengi, ila linalokula muda kuliko yote ni la namba, na hutokea zaidi mtu anapotoa mkusanyiko, yaani albamu moja yenye waimbaji tofauti.

Karibuni alinijia kijana mpiga kinanda kutoka Malindi. Amekusanya nyimbo za harusi za vikundi vya kwao, na baadhi zilikuwa zimeshatoka zamani kama nyimbo moja moja. "Ami," akaniambia, "huu wimbo wa shangazi ulikuwa na wasikilizaji maelfu. Kwenye albamu umeanza sufuri. Wamekwenda wapi?" Hawakwenda popote. Tulipoangalia, rekodi ni ile ile, sauti ile ile hadi kikohozi cha mpiga ngoma mwishoni, lakini ilikuwa na namba mbili. Kwa mashine, hizo ni rekodi mbili zisizojuana.

Kila toleo lina namba yake, na kila rekodi ndani ya toleo ina namba yake. Ya toleo ndiyo ile ya msimbopau, mistari myeusi nyuma ya jalada: tarakimu 13 kwa mfumo wa EAN tunaoutumia huku, au 12 kwa mfumo wa UPC wa Marekani. Ya rekodi huitwa ISRC. Msimbopau ni namba ya jahazi, ISRC ni kitambulisho cha abiria. Abiria akishuka akapanda jahazi jingine, kitambulisho hakibadiliki. Kwa hivyo mkusanyiko mpya unahitaji msimbopau mpya, lakini kila wimbo uliowahi kutoka unaingia na ISRC yake ya zamani.

Sasa, yule kijana alikwama wapi? Kwenye fomu ya msambazaji kuna kisanduku kidogo cha ISRC kando ya kila wimbo. Ukikiacha wazi, mfumo hauulizi neno. Unakutolea namba mpya papo hapo, na bure. Hiyo "bure" ndiyo inayowaponza watu. Namba mpya ni sawa kwa wimbo ambao haujawahi kutoka. Kwa ule wa zamani, hesabu ya wasikilizaji inagawanyika, na hata malipo yanaweza kukwama, kwa sababu vyama vinavyokusanya malipo ya haki za rekodi, kwa wazalishaji na kwa waimbaji na wapigaji, hulinganisha taarifa za wimbo na kazi zilizosajiliwa. Taarifa zikigongana, mwenye haki atangoja.

ISRC ina herufi na tarakimu 12. Tuseme KE-ABC-24-00017, ya kubuni. Mbili za mwanzo na tatu zinazofuata zinaonyesha namba ilitolewa chini ya nani, 24 ni mwaka, na tano za mwisho ni za rekodi yenyewe. Vistari ni vya kumsaidia msomaji tu, kwenye fomu nyingi usiviandike. Huo mwaka huwachanganya watu sana: ni mwaka namba ilipotolewa, si mwaka wimbo uliporekodiwa. Kaseti ya mwaka 1978 ukiipa namba leo, itabeba mwaka wa leo. Mwaka rekodi ilipotolewa kwa mara ya kwanza unaandikwa mahali pake, kwenye mstari wa alama ya P ndani ya duara. Na ukiona wimbo uliorekodiwa hapa Mkomani una namba inayoanza na QZ, usiseme umeibwa. QZ ni miongoni mwa herufi zilizotengewa Marekani, na wasambazaji wengi hutoa namba kutoka huko. Umiliki ni suala la mkataba wenu, namba haiuhamishi.

Vivyo hivyo 616 mwanzoni mwa msimbopau. Maana yake namba imetolewa kupitia GS1 Kenya, shirika linalogawa namba za msimbopau. Haisemi CD imetengenezwa wapi.

Lini basi rekodi ya zamani inahitaji ISRC mpya? Ikiwa imekuwa kitu kingine. Tarabu zetu ni ndefu, na watengenezaji wa mikusanyiko hupenda kukata muziki wa mwanzo ili mwimbaji aingie haraka. Ukipunguza zaidi ya sekunde 10, hiyo ni rekodi nyingine, ipe namba yake. Ukichanganya upya sauti zake (remix), pia. Wimbo ule ule ukiimbwa mbele ya watu usiku wa Maulidi ni rekodi mbali na ile ya studio, na video yake ina ISRC yake. Lakini kupandisha sauti kidogo ili nyimbo zilingane kwenye albamu, hilo halibadilishi kitu. Na waimbaji watatu wakiuimba utungo mmoja, ISRC ni tatu. Utungo nao una namba yake mbali, ISWC, inayoanza na herufi T, na hiyo ni habari ya mtunzi.

Kuzipata namba za zamani, anza kwa mwenye wimbo: akaunti yake kwa msambazaji inazo zote. Akiwa amesahau neno la siri, na huwa amesahau, IFPI, shirikisho la kimataifa la kampuni za rekodi, wana ukurasa wa kutafuta ISRC bila malipo, andika jina la mwimbaji na la wimbo. Linganisha na urefu wa wimbo kabla ya kunakili, maana majina ya kina Mwanaisha na Swafiya ni mengi. CD inaweza kubeba ISRC ndani yake, ila ukizihamisha nyimbo kwa njia ya kawaida namba hubaki kule kule kwenye CD. Kaseti haina pa kuiweka. Mimi huandika ISRC mwanzoni mwa jina la faili, na faili likisafiri kwa flashi au WhatsApp linasafiri nayo.

Msimbopau nao uhakikishe mwenyewe. Tarakimu ya mwisho ni ya kukagua zilizotangulia. Chukua tarakimu 12 za mwanzo, tuseme 616123456789, za kubuni pia. Jumlisha ya kwanza, ya tatu, ya tano, hivyo hivyo ukiruka moja: 32. Zilizobaki jumla yake 26, zidisha mara tatu, 78. Pamoja ni 110. Kinachohitajika kufikia kumi kamili ndiyo tarakimu ya mwisho, na hapa 110 imeshafika, kwa hivyo ni 0. Ukiletewa namba isiyotoka hivi, kuna tarakimu imekosewa. Ukiitafuta UPC ya tarakimu 12 usiione, tanguliza sufuri. Na ukiongeza wimbo mmoja kwenye mkusanyiko uliokwisha kutoka, hilo ni toleo jipya, msimbopau mwingine. Wasambazaji wengi hawatakuruhusu hata kujaribu.

Kwa wale ambao bado mnachapa CD za kuuza dukani: mchora jalada akikushawishi mistari iwe myekundu ifanane na leso ya kwenye picha, mkatalie. Mashine nyingi za dukani zinasoma kwa mwanga mwekundu, na kwake mstari mwekundu juu ya karatasi nyeupe ni karatasi tupu. Nyeusi juu ya nyeupe, na nafasi wazi pande zote mbili.