Kampuni inanona, je akiba yangu?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Napakia mizigo ghalani hapa Columbus, Ohio, zamu ya usiku. Mwaka jana nilifungua akaunti kwenye kampuni ya uwekezaji ya mtandaoni, zile ambazo huonani na mtu, kompyuta ndiyo inanunua na kuuza. Nilianza na dola 1,000, na kila Ijumaa mshahara ukiingia naongeza 50. Sasa hawaishi kunitumia barua pepe: tumefikisha wateja kadhaa, tunasimamia mabilioni kadhaa, tunakua. Juzi nimefungua simu nikakuta salio limeshuka chini ya nilichoweka. Mke wangu kacheka, kasema wao wanakua, wewe unapungua. Je, kampuni ikikua mimi nafaidika nini? Na ikifa, pesa yangu inazikwa nayo?
Mpakiaji, Columbus

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mkeo kaona mbali, ila kaona nusu.

Yale mabilioni wanayojivunia si yao. Ni akiba zenu nyinyi wateja, wamezijumlisha. Kwa kawaida kampuni hizi huchukua robo ya asilimia moja kwa mwaka. Kwenye dola zako 1,000 ni dola 2 na senti 50, mwaka mzima. Hiyo haimlipi mtu hata kusoma malalamiko yako. Wakisimamia bilioni nzima ndipo wanapata milioni 2 na nusu, na hapo kuna mishahara ya wahandisi, wanasheria na matangazo. Kwa hiyo kukua kwao si sifa, ni njaa. Wasipokua hawali.

Ndivyo ilivyokuwa tangu mwanzo. Betterment na Wealthfront, kampuni mbili za aina hiyo yako, zote zilianzishwa mwaka 2008, na hiyo ya pili ilikuwa ikiitwa kaChing kabla haijabadili jina. Zikapata vijana ambao mshauri wa kawaida, yule wa tai na ofisi, hakuwa na muda nao kwa sababu akiba zao zilikuwa ndogo. Mwaka 2015 wakaingia wazee wa kazi, Schwab na Vanguard, kampuni kubwa za uwekezaji za siku nyingi. Hao hawakuhitaji kumsaka mteja barabarani, walikuwa nao mamilioni tayari. Wadogo wakabanwa. Wealthfront ilikubali kununuliwa na benki ya UBS kwa dola bilioni 1.4 Januari 2022, na Septemba mwaka huohuo mpango ukavunjika. Ilipofungua vitabu vyake mwaka 2025 ikijiandaa kuuza hisa kwa umma, ikaonekana sehemu kubwa ya mapato yake inatoka kwenye akaunti za fedha taslimu, wala si kwenye ule uwekezaji uliowapa jina.

Wewe hilo linakuhusu hivi: robo ya asilimia isipotosha, watatafuta kwingine. Betterment, kwa mfano, iliwahi kutoza akaunti ndogo dola 4 kwa mwezi, isipokuwa salio lifike 20,000 au mteja awe anaweka angalau 250 kila mwezi. Piga hesabu. Dola 4 mara miezi 12 ni 48. Kwenye 1,000 hiyo ni karibu asilimia 5, na soko linaweza lisikupe hiyo 5 mwaka huo. Wewe unaweka 50 kila Ijumaa, yaani 200 kwa mwezi wa wiki nne. Kwa kanuni ile ungepungukiwa 50 tu! Kampuni yako siijui, hukuitaja na umefanya vyema, lakini leo ukitoka zamu fungua ukurasa wa ada uusome mpaka chini.

Na neno “bure” likutie wasiwasi. Roboti ya Schwab, yaani kompyuta yao ya kuwekeza, ilitangazwa kuwa haitozi ada ya ushauri. Kumbe sehemu ya pesa za wateja ilikuwa inawekwa taslimu, na benki ya Schwab inaikopesha na kula tofauti ya riba. Mwaka 2022 Schwab ilikubali kulipa dola milioni 187 kumaliza shauri hilo na tume inayosimamia masoko ya hisa ya Marekani.

Ikifa je? Hisa zako hazichanganywi na mali ya kampuni. Dalali anayezitunza akianguka na vitu visionekane, mfuko wa SIPC, unaowalinda wateja wa madalali wa hisa Marekani, unafidia hadi dola 500,000, na ndani ya hizo fedha taslimu mwisho 250,000. Mara nyingi hata haifikii huko. Benki ya Goldman Sachs ilipoachana na huduma yake ya uwekezaji wa namna hii, Marcus Invest, mwaka 2024, akaunti zilihamishiwa Betterment. Ila SIPC haifidii bei kushuka, na salio lako la juzi ni bei tu. Mashine imekununulia vipande vya mamia ya kampuni pamoja na hati fungani, yaani madeni ya serikali na kampuni, vikishuka nawe unashuka. Kampuni iwe na wateja mia au milioni, bei ni ileile.

Sasa nikwambie langu. Nilipofungua akaunti yangu niliulizwa, kama wewe: akiba yako ikishuka asilimia 20 utafanya nini? Nikabonyeza “nitanunua zaidi”, nikajiona simba. Mashine ikaniamini, ikanijazia hisa. Machi 2020 soko la Marekani lilikuwa limeporomoka kama theluthi moja ndani ya wiki tano hivi. Saa tisa usiku nimekaa kitandani, simu imenimulika usoni, nikauza kila kitu. Mashine haikunigombeza. Iliniuliza mara moja tu, una uhakika? Kufika Agosti soko lilikuwa limerudi lilipokuwa, mimi nikiwa nje nalitazama. Mshauri wa tai na ofisi pengine angenikatalia kwenye simu, na kwa hilo tu angestahili ada yake.

Kwa hiyo barua pepe zao zifute. Rudi kwenye yale maswali ya mwanzo, programu nyingi zinaruhusu kujibu upya, na safari hii mkeo awe amekaa pembeni yako.